Seva ya Barua Pepe Ikigoma, Soma Kwanza Kabla ya Kushika Chombo

Leo tunazungumza na watu ambao ofisi huwakumbuka pale tu mambo yanapoharibika: mafundi wa TEHAMA wanaotunza seva za barua pepe. Tunazungumza pia na mabosi wao, kwa sababu baadhi ya maamuzi tutakayoyagusa hayako mikononi mwa fundi hata kidogo.

Swali letu ni moja. Kanzidata ya barua pepe ikiharibika, mtu aanzie wapi?

Mambo huwa hivi. Umeme umekatika usiku, UPS imehimili dakika chache, kisha nayo imenyamaza. Asubuhi seva inawaka vizuri, taa zote za kijani, lakini barua pepe hazifunguki. Mhasibu anadai ankara yake. Ofisa manunuzi ana zabuni inayofungwa saa sita mchana. Mkurugenzi amesimama mlangoni mwa chumba cha seva, na kila baada ya dakika mbili anauliza: "Bado?" Fundi anatafuta msaada mtandaoni, na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni amri fupi inayosemekana kumaliza kila tatizo. Anaiandika, anabonyeza. Pengine kanzidata inafunguka na watu wanashangilia. Pengine inafunguka ikiwa imepoteza barua za watu, na hakuna atakayejua ni zipi mpaka siku mtu atakapoihitaji moja mbele ya mkaguzi au hakimu.

Hapo ndipo hoja ya leo ilipo, wasikilizaji. Mara nyingi hasara kubwa haitokani na hitilafu yenyewe. Inatokana na haraka ya kuitengeneza. Fundi makini husoma kwanza hali ya kanzidata, hunakili kilichopo, ndipo hushika chombo. Tutalirudia hili mara kadhaa, mtuvumilie.

Tuanze na jinsi barua zinavyohifadhiwa. Tuchukue mfano wa Microsoft Exchange, kwa kuwa ndiyo seva iliyozoeleka katika maofisi mengi makubwa duniani. Ndani yake, barua za watu wengi hukaa pamoja katika faili moja kubwa ambalo jina lake huishia na herufi edb. Barua ya mkurugenzi, ya mhasibu, ya mlinzi wa getini aliyepewa anwani mwaka jana, zote zimo humo. Faili hilo limegawanywa katika kurasa ndogondogo. Kila ukurasa una namba ya uhakiki, ambayo injini huikokotoa wakati wa kuandika na kuikokotoa upya wakati wa kusoma. Zisipolingana, injini inajua kwamba kilichosomwa sicho kilichoandikwa.

Lakini barua mpya haiingii moja kwa moja kwenye faili hilo kubwa. Mfikirieni mwenye duka la jumla. Wateja wamejaa, hana muda wa kufungua daftari kubwa la hesabu, kwa hiyo kila mauzo huyaandika kwanza kwenye kidaftari cha pembeni, moja baada ya jingine, kama yalivyotokea. Watu wakipungua, huyahamishia kwenye daftari kubwa. Akiitwa ghafla katikati ya kazi, daftari kubwa litakuwa nyuma, lakini hakuna kilichopotea maadamu kidaftari kipo. Exchange hufanya hivyohivyo. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye mafaili ya logi, ambayo tangu toleo la 2007 yana ukubwa wa megabaiti moja kila moja, na baadaye ndipo huhamishiwa kwenye faili la edb.

Utaratibu huu wa kuandika kwanza kwenye logi ni wa zamani kuliko Exchange. Watafiti wa IBM, akiwemo Jim Gray aliyepewa Tuzo ya Turing mwaka 1998, walikuwa wakiushughulikia tangu miaka ya 1970, na mwaka 1992 C. Mohan na wenzake walichapisha mbinu iliyoitwa ARIES, ambayo kanzidata nyingi za leo zinafuata misingi yake. Walifanya kazi hiyo kwa sababu walijua mashine zitazimika vibaya. Hilo halikuwahi kuwa jambo la kushangaza kwao, na lisiwe la kushangaza kwetu. Wakenya wanaukumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipotanda sehemu kubwa ya nchi na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Watanzania nao walipata hitilafu ya gridi ya taifa tarehe 1 Aprili 2024. Siku kama hizo, seva isiyo na UPS ya kutosha huzimika katikati ya kuandika.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Barua hazifunguki. Swali la kwanza: je, kweli ni kanzidata?

Msiliruke swali hili. Tarehe 1 Januari 2022, wakati watu wanapongezana kwa mwaka mpya, seva za Exchange 2016 na 2019 sehemu mbalimbali za dunia ziliacha kufikisha barua. Foleni zilijaa. Aliyeangalia kwa juujuu angeapa kwamba kanzidata imekufa. Kumbe kanzidata zilikuwa nzima kabisa. Kosa lilikuwa kwenye injini ya kukagua virusi: namba ya toleo lake iliundwa kutokana na tarehe, na ilipoanza na 22 ilizidi kiwango cha juu ambacho programu ingeweza kukihifadhi, yaani bilioni mbili na milioni mia moja na ushei. Microsoft ilitoa marekebisho, foleni zikashuka, barua zikafika. Sasa fikirini fundi ambaye asubuhi ile alikimbilia kutengeneza kanzidata isiyo na ugonjwa.

Kwa hiyo, kwanza asome daftari la matukio la seva. Aangalie kama diski imejaa. Aangalie kama huduma zote zimewaka. Mengi huishia hapo.

Tuseme ameangalia, na ni kweli kanzidata inakataa kupanda, yaani kufunguka na kuanza kazi. Hapa kuna amri moja ambayo kila fundi wa Exchange anapaswa kuijua kama jina lake: eseutil /mh, ikifuatwa na jina la faili la edb. Uzuri wa amri hii ni kwamba inasoma tu. Haibadilishi kitu. Inatoa mistari mingi kwenye skrini, lakini anayeanza atafute miwili. Wa kwanza umeandikwa State. Ukisema Clean Shutdown, kanzidata ilifungwa vizuri na haisubiri logi yoyote. Ukisema Dirty Shutdown, kanzidata ilikatizwa kabla ya kumaliza kazi.

Na hapa ndipo wengi wanapotea njia. Wakiona neno Dirty wanadhani kanzidata imeoza. Hapana. Maana yake ni kwamba kuna mambo yaliyomo kwenye logi ambayo hayajahamishiwa kwenye faili kubwa. Kwa kawaida seva ikiwaka, injini yenyewe huzirudia logi hizo bila kuulizwa, na kanzidata hupanda. Inashindwa pale logi mojawapo inapokosekana au inaposomeka vibaya.

Ni logi zipi? Ndiyo kazi ya mstari wa pili, ulioandikwa Log Required. Tuseme unaonyesha 1204 mpaka 1207. Fundi anafungua folda ya logi, anatafuta faili lenye namba 1204, halioni. Jasho linamtoka. Lakini atulie, asome mpaka mwisho wa mstari. Majina ya mafaili hutumia hesabu ya msingi wa kumi na sita, na katika hesabu hiyo 1204 huandikwa 4B4. Faili analolitafuta linaitwa E00000004B4.log, na liko palepale mbele ya macho yake. La mwisho, yaani 4B7, huenda asilione kwa jina hilo kabisa, kwa sababu logi iliyokuwa bado inaandikwa umeme ulipokatika huitwa E00.log tu, hupewa namba yake ikishajaa. Kuna kanzidata zilizohukumiwa kufa kwa sababu ya kutojua jambo hili dogo, ilhali logi zote zilikuwepo.

Akishazipata, azikague kwa eseutil /ml, amri nyingine inayosoma bila kubadilisha. Kisha, na hapa tunalirudia tulilolisema mwanzo, anakili faili la edb na logi zote kwenye diski nyingine. Ndiyo, itachukua muda. Ndiyo, mkurugenzi bado amesimama mlangoni. Anakili hata hivyo. Baada ya hapo ndipo anaendesha eseutil /r, ambayo huzirudia logi kwa mpangilio na kumaliza kazi iliyokatizwa. Ikimaliza, anasoma tena hali: Clean Shutdown. Kanzidata inapanda. Kila kilichowahi kuandikwa kwenye logi kimerudi.

Lakini itakuwaje kama logi hazipo? Na kwa nini ziwe hazipo?

Kisa hiki hujirudia, na mnyororo wake huwa hivi. Kwa mpangilio wa kawaida, Exchange hufuta logi zilizokwisha kazi pale bakapu, kamili au ya nyongeza, inapokamilika. Bakapu ikifeli, logi hazifutwi. Bakapu ikifeli wiki tatu bila mtu kuangalia, logi hujazana mpaka diski inajaa. Diski ikijaa, Exchange hujishusha yenyewe ili isiharibu data. Mtu mwenye haraka anaona maelfu ya mafaili madogomadogo yenye majina yasiyoeleweka, anasema hizi ni takataka, anazichagua zote na kuzifuta. Diski inapata nafasi. Anajaribu kupandisha kanzidata, inakataa. Amefuta zilezile zilizokuwa zinahitajika.

Antivirus nayo huchangia. Barua yenye kirusi ikipita, maandishi yake huandikwa ndani ya logi kama kila kitu kingine. Antivirus ya kawaida iliyowekwa kwenye seva bila mpangilio huyakuta, hushtuka, na kulihamishia faili zima la logi karantini. Kanzidata inaanguka saa nane usiku na hakuna aliyegusa kitu. Microsoft imechapisha orodha ya folda ambazo antivirus ya mafaili inapaswa kuziacha, na fundi anayetusikiliza aikague leo kwenye seva yake.

Haya ni matatizo ya logi. Kuna aina nyingine, nayo ndiyo uharibifu halisi: ukurasa wenyewe ndani ya faili kubwa umeharibika. Mafundi wa Exchange huujua kwa namba yake, hasi 1018. Namba hiyo ikionekana kwenye daftari la matukio, injini inasema: niliandika ukurasa huu vizuri, nimeusoma tena, namba ya uhakiki hailingani. Chanzo mara nyingi kiko chini ya Exchange. Ni diski, ni kontrola ya diski, ni programu ndogo inayoiendesha kontrola, ni kebo, ni betri ya kontrola iliyokufa zamani. Exchange imekuwa mbeba habari tu. Kwa hiyo kutengeneza kanzidata na kuirudisha kwenye diski ileile ni kazi bure. Kesho namba ileile itarudi.

Waliounda Exchange waliliona tatizo hili na kulipunguza makali. Toleo la 2003, katika kifurushi chake cha kwanza cha marekebisho, lilipewa uwezo wa kurekebisha ukurasa ambao biti moja tu imegeuka. Toleo la 2010 lilienda mbali zaidi: kanzidata yenye nakala kwenye seva kadhaa inaweza kuomba ukurasa mzima kutoka kwa mwenzake na kuubadilisha ule mbovu, watu wakiendelea na kazi.

Na mwenye seva moja tu je? Sikilizeni sana hapa, kwa sababu hili ndilo lenye thamani kuliko yote ya leo. Katika matoleo ya zamani, bakapu iliyochukuliwa kanzidata ikiwa hewani ilisoma kila ukurasa, na ikikutana na ulioharibika ilikataa kuendelea. Wengi walikasirika: bakapu imefeli tena! Lakini tafakarini. Bakapu ikifeli, logi hazifutwi. Kwa hiyo tangu bakapu ya mwisho iliyofaulu mpaka dakika hii, kila badiliko lipo kwenye logi. Fundi akichukua bakapu ile, hata kama ni ya siku kumi zilizopita, akairudisha kwenye diski nzima, kisha akazirudia logi zote zilizofuata, anapata kanzidata kamili ya leo, bila ukurasa mbovu na bila barua hata moja iliyopotea. Hajatengeneza kitu. Amejenga upya. Na yule aliyefuta logi ili apate nafasi amejinyima njia hii moja kwa moja.

Mbona basi watu hukimbilia ile amri nyingine, eseutil /p? Kwa sababu ni fupi, na kwa sababu hufanya kanzidata ipande. Lakini tuseme wazi inachofanya. Inapita ukurasa kwa ukurasa, na ule isioweza kuusoma inautupa. Logi zilizokuwa zinasubiri haizijali tena. Ukurasa uliotupwa ukiwa ulibeba barua moja, barua hiyo imekwenda. Ukiwa ulibeba sehemu ya mpangilio wa jedwali, inaweza kwenda na vingi. Chombo chenyewe huonya kabla ya kuanza, na onyo hilo hubonyezwa bila kusomwa. Zamani mapishi yalikuwa amri tatu mfululizo: /p, halafu /d ya kupanga upya faili, halafu isinteg ya kukagua mpangilio wa ndani. Mapishi hayo bado yanazunguka. Lakini mwaka 2015 Microsoft ilitangaza kwamba kanzidata iliyopitishwa kwenye /p haitahesabika tena kuwa salama kwa kazi. Inapaswa kupandishwa kwa muda tu ili visanduku vyote vya watu vihamishiwe kwenye kanzidata mpya, kisha ile ya zamani iachwe. Na hakuna kujificha, kwa maana kichwa cha faili hutunza hesabu iitwayo Repair Count. Anayesoma kwa /mh ataona kama aliyemtangulia aliwahi kutumia /p.

Je, /p isitumike kamwe? Itumike, pale ambapo hakuna bakapu, hakuna logi, hakuna nakala nyingine. Ni mlango wa mwisho, na itumike juu ya nakala, kamwe isiwe juu ya faili pekee lililobaki.

Uharibifu mwingine ni mdogo, wa kisanduku kimoja. Folda inasema ina barua tano ambazo hazijasomwa, ukiifungua hakuna. Kalenda ya mtu mmoja inaiangusha Outlook kila akiifungua. Hapo kanzidata nzima haina haja ya kushushwa. Tangu kifurushi cha kwanza cha marekebisho cha Exchange 2010 kuna amri ya New-MailboxRepairRequest, na inaweza kuombwa igundue tu bila kurekebisha. Fundi aanze na kugundua. Ikishindikana, kukihamishia kisanduku kwenye kanzidata nyingine mara nyingi huviacha nyuma vitu vibovu.

Na mkurugenzi aliyeko mlangoni? Tusimsahau, ana haki ya kufanya kazi. Kwake kuna njia ambayo ofisi nyingi hazijui kuwa ipo. Fundi anaweza kuiweka pembeni kanzidata mbovu, bila kuifuta, na kupandisha nyingine tupu mahali pake. Wataalamu wa Exchange huiita dial tone. Ndani ya muda mfupi watu wanaanza tena kutuma na kupokea. Hawaoni barua za zamani, lakini zabuni ya saa sita inaondoka. Huku nyuma fundi anarudisha bakapu kwa utulivu, anarudia logi, na mwishowe anaunganisha barua za zamani na mpya. Uamuzi huu ni wa bosi. Bosi akikubali ofisi ikae siku moja bila barua za zamani, amemwondolea fundi ile presha inayomsukuma kwenye /p.

Katika muda huo kuna hazina nyingine isiyopaswa kuguswa. Kwenye kompyuta za watumiaji wengi, Outlook hutunza nakala ya kisanduku katika faili linaloishia na ost. Kijana wa msaada mwenye nia njema huweza kupita meza kwa meza akiyafuta mafaili hayo ili Outlook "ianze upya". Siku seva imeharibika, mafaili hayo yanaweza kuwa ndiyo nakala pekee iliyobaki ya barua za ofisi. Yaachwe.

Wanaotumia seva za Linux tuwaguse kwa kifupi. Dovecot ikiwa inatunza barua kwa mtindo wa Maildir, kila barua ni faili lake, na hata alama ya kwamba imesomwa, herufi S, imo kwenye jina la faili. Faharasa zikiharibika hujengwa upya kutokana na barua zenyewe, kwa doveadm force-resync. Lakini mwenye mtindo wa dbox asidhani ni hivyohivyo: kwake faharasa ndizo zinazobeba alama za barua, akizifuta amezipoteza. Zimbra nayo huweka barua kama mafaili na maelezo yake kwenye MariaDB. Kanzidata hiyo ikigoma kuwaka, kuna mpangilio wa innodb_force_recovery, wa ngazi 1 mpaka 6. Fundi aanze na 1. Kuanzia 4, nyaraka za watengenezaji zinaonya, data inaweza kuharibika moja kwa moja.

Tumalizie na visa viwili vya kweli, vya kampuni zenye mafundi wengi.

Tarehe 27 Februari 2011, baadhi ya watumiaji wa Gmail walifungua akaunti zao wakakuta tupu. Barua zote, folda zote, hazipo. Google ilieleza kwamba kosa lilikuwa kwenye sasisho la programu ya hifadhi, na kwamba walioguswa walikuwa asilimia 0.02 ya watumiaji. Google ilikuwa na nakala kadhaa za kila akaunti kwenye vituo mbalimbali. Hazikusaidia, kwa sababu kosa la programu lilizifikia nakala zenyewe. Kilichookoa ni kanda za sumaku, teknolojia ambayo wengi wanadhani ilishazikwa, zilizokuwa nje ya mtandao ambako kosa lile lisingeweza kuzifikia. Kurudisha kutoka kwenye kanda kulichukua muda mrefu, lakini barua zilirudi. Mwenye seva mbili zinazonakiliana asiseme ana bakapu.

Kisa cha pili ni cha GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya programu, tarehe 31 Januari 2017. Haikuwa seva ya barua pepe, lakini barua pepe imo ndani yake. Mhandisi aliyekuwa akihangaika usiku na kanzidata iliyobaki nyuma alifuta folda ya data akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alikuwa kwenye seva kuu. Walipoitafuta bakapu ya kila siku, sehemu ilipopaswa kuwa ilikuwa tupu: chombo cha kuichukua kilikuwa cha toleo lisilolingana na kanzidata, kikawa kinafeli. Na je, hakikutoa taarifa? Kilitoa. Kilituma barua pepe za kuonya, ila ziliishia kukataliwa na seva iliyozipokea kwa sababu hazikukidhi uhakiki wa DMARC, ule wa kumthibitisha mtumaji. Hakuna aliyezisoma. Waliokolewa na picha ya diski ambayo mhandisi aliipiga kwa mkono yapata saa sita kabla ya kosa hilo. GitLab walieleza yote hadharani, hata kuionyesha kazi ya kurejesha data moja kwa moja kwenye YouTube, na kila fundi anafaidika na uwazi huo mpaka leo.

Mabosi mnaotusikiliza, kuna tarehe moja ya kuijua: tangu 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha kuzihudumia Exchange 2016 na 2019. Ofisi iliyobaki nazo imebaki bila marekebisho ya kawaida ya watengenezaji. Jambo jingine: faili la edb lina barua za kila mtu, kwa hiyo lisipelekwe kwa fundi wa nje kwenye flashi bila mkataba. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, hata siku ambayo mambo yameharibika. Nunueni diski ya ziada ya kunakilia, na mpeni fundi muda wa kufanya majaribio siku ambayo hakuna kilichoharibika.

Na wewe fundi, wiki hii chagua kisanduku kimoja, hata kiwe chako mwenyewe. Kirudishe kutoka kwenye bakapu hadi kwenye kanzidata ya pembeni. Andika imechukua saa ngapi na umekwama wapi, ubandike karatasi hiyo ukutani mwa chumba cha seva. Ukishindwa kukirudisha, mwambie bosi wako siku hiyohiyo, wakati kanzidata bado ni nzima.